Kulala Saa Nane

Msichana huyu walimwita Mkasi, na si kwa sababu alijua kukata kitambaa. Kitambaa alikikata kama panya mwenye haraka. Jina lilitokana na ulimi. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo cha ushonaji, na ilikuwa imebaki miezi miwili tu afanye mtihani wa koti.

Mtihani wa koti haukuwa mchezo. Unaingia asubuhi na kitambaa chako cha mita tatu, unatoka jioni na koti kamili: kola iliyosimama, bitana isiyovuta, mifuko ya ndani, na matundu ya vifungo yaliyoshonwa kwa mkono. Mwaka uliotangulia binti mmoja alishona mkono wa koti pamoja na gauni alilovaa mwenyewe, na alipojaribu kusimama akainuka na kazi yote mapajani. Watu walicheka. Yeye alilia wiki nzima na hakurudi tena chuoni. Ndipo mkuu wa chuo alipoamua kuleta mnasihi.

Mnasihi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye sauti ya mtu anayemfunika mtoto shuka. Kila alipomaliza sentensi mbili alisema, "Haya, tupumue." Wiki haikuisha, akawa Dada Pumua mpaka kwa mpishi.

Aliwagawia wanafunzi wote kumi na wawili daftari la kijani. Kila ukurasa ulikuwa na maswali yale yale: Umelala kiasi gani? Umekula na kunywa maji? Umetembea angalau nusu saa? Simu uliiweka mbali kabla ya kulala? Umeongea na nani jambo la moyoni? Kitu gani kidogo kimekufurahisha leo?

"Huu si mtihani," alisema. "Ni kama kutia cherehani mafuta. Cherehani kikavu kinashona, ndiyo, lakini siku kitakapogoma, kitagoma katikati ya kola. Mtajaza kila siku, nitasoma kila Ijumaa. Haya, tupumue."

Wakapumua. Siku ya kwanza walijaza kwa bidii. Siku ya pili wakajaza nusu yao. Siku ya tatu madaftari yalianza kutumika kuwekea chaki.

Ijumaa ya kwanza ilipofika, Dada Pumua alilichukua daftari la Bondia. Bondia alikuwa kijana mwenye mikono mikubwa kama mito ya kulalia, na ilikuwa ajabu ya Mungu kumwona akiingiza uzi kwenye sindano. Hakujua kusema uongo hata kwa mbuzi. Kila siku alikuwa ameandika: Nimelala saa nane.

"Mnaona!" Dada Pumua aliinua daftari juu. "Mwenzenu huyu analala saa nane bila kukosa!"

"Ila jana nilijitahidi, Dada," Bondia alisema kwa unyenyekevu. "Nilijilazimisha, nikalala saa saba na nusu."

"Usipunguze, kaka! Usipunguze hata dakika!"

Bondia alitazama huku na huku, asijue afanye nini na pongezi za kukesha mpaka saa nane usiku. Mkasi alilazimika kuuma utepe wa kupimia ili asiangue kicheko. Lakini alijifunza jambo: Dada Pumua alitamani sana habari njema, na mtu anayetamani habari njema ni rahisi kumpelekea.

Daftari lake mwenyewe alikuwa amelijaza lote asubuhi ile, huku mswaki ukiwa mdomoni.

Wakati wa chakula cha mchana Bondia alimfuata. "Lako limejaaje lote?"

"Kwa kipaji."

"Na langu je?"

Mkasi alitafuna polepole. "Zamu yangu ya kufagia karakana kesho, bado ni yangu au sasa ni yako?"

Bondia, ambaye hakuwa mjinga, akaelewa. Kuanzia siku hiyo alifagia mara mbili, na Mkasi akawa anaandika mara mbili. Habari zikatambaa. Mmoja akampa daftari lake na kuchukua zamu ya kupanga vitambaa. Mwingine akaahidi kumpigia pasi mashati. Msichana mmoja mwenye miaka ishirini lakini mwenye amri za mtu wa hamsini, waliyemwita Mama Mkwe, alimtupia daftari mezani na kusema, "Niandikie furaha, lakini isizidi. Sitaki kuonekana kichaa." Wiki ya pili madaftari yakawa tisa. Wiki ya tatu yakawa kumi, na Mkasi hakuwa akigusa ufagio wala sufuria.

Wa mwisho kuja alikuwa Pasi.

Mkasi na Pasi waliitana shoga tangu mwaka wa kwanza. Jina la Pasi alipewa kwa sababu kitu alichokigusa hakikuwa na kunyanzi. Kazi zake zilitundikwa ukutani ili wengine wazionee aibu. Yeye hakulala bwenini kama wenzake. Aliishi ng'ambo ya barabara kwa mama yake mdogo, ambako alikuwa na cherehani chake sebuleni.

"Wewe?" Mkasi alishangaa alipoletewa daftari. "Wewe unayepigia mstari hata tarehe?"

"Sina muda. Kola yangu bado haijakaa."

"Kola yako ikikaa vizuri zaidi itaanza kudai mshahara."

Pasi alitabasamu kidogo, akaondoka. Mkasi akaliweka daftari juu ya mengine na kujiona amefika. Kama Pasi naye ameingia, basi hii si hila tena, ni huduma.

Na aliifanya kwa ufundi. Alitumia kalamu nne tofauti. Daftari la Bondia aliliandika kwa mkono wa kushoto. Aligundua mapema kwamba uongo mkavu haupendezi, unahitaji vipande vidogo vidogo vya ukweli, kama shati linavyohitaji vifungo. Kwa hiyo kila alasiri alizunguka eneo la chuo akitafuta vitu vya kuwafurahisha watu kumi na wawili. Alimwona mlinzi akimfundisha kunguru kurudisha kofia, akaiandika furaha hiyo kwa Bondia. Alimwona mpishi akigombana na mfuniko usiofunga, akiuita mwanaharamu. Akampa Mama Mkwe. Aliona paka amelala juu ya robota la pamba, tumbo juu, kama aliyelilipia. Huyo alimtunzia Pasi. Mizunguko ile ilimchosha vizuri, na usiku alilala kama gogo. Hakuunganisha mambo hayo mawili. Alidhani ni dhamiri safi.

Ila ulimi wa Mkasi haukujua breki, na kalamu yake ilikuwa ndugu wa ulimi. Wiki ya nne aliona mambo yamekuwa ya kawaida mno, akaongeza viungo. Kwa Bondia aliandika: Ninapooga asubuhi naimba kwa sauti, moyo unakuwa mwepesi. Kwa Mama Mkwe: Nina mmea wangu kwenye kopo. Nauambia siri zangu, nao hautangazi.

Ijumaa hiyo Dada Pumua aliingia karakana macho yakimeremeta.

"Sikujua mna hazina hizi!" alisema. "Kaka, hebu tuimbie kidogo. Ule wimbo wa bafuni."

Bondia alimgeukia Mkasi taratibu, kama mlango mzito. Mkasi alikuwa ameinama anatafuta sindano ambayo haikudondoka.

"Usione haya. Tupo nyumbani."

Bondia alisimama, akashika ukingo wa meza, akaimba. Sauti ilitoka kubwa, ikapanda mahali isipopaswa kupanda, ikakosa ngazi, ikaanguka. Kunguru wa mlinzi aliruka. Mtu wa kwanza kucheka alikuwa Bondia mwenyewe, kisha karakana nzima, na Dada Pumua akafuta machozi akisema hajawahi kuona uponyaji wa namna ile.

"Na mmea je?" alimwuliza Mama Mkwe.

"Uko bwenini, Dada. Umelala."

"Niletee Jumatatu nikausalimie."

Jumatatu Mama Mkwe alileta gugu alilolichimbua nyuma ya choo, limesimama ndani ya kopo la rangi, na likasalimiwa kwa heshima. Alipompita Mkasi alimnong'oneza, "Wewe, siku yako inakuja, na viatu imeshavaa."

Siku haikuja kupitia kwake. Ilikuja kupitia kwa Pasi.

Katika taarifa yake kwa mkuu wa chuo, Dada Pumua aliandika kwamba kati ya wanafunzi wote, aliyetulia zaidi ni Pasi: analala, anakula, anatembea, anacheka na paka. Mkuu, mwanamke ambaye utepe wa kupimia haukumtoka shingoni hata ofisini, alifurahi. Alikuwa anatafuta mtu wa kushona koti la maonyesho kwa ajili ya siku ya mahafali, kazi ya ziada juu ya mtihani, na aliogopa kumwelemeza mtu. Sasa akampata. Akamwita Pasi mbele ya darasa.

"Utaweza?"

"Ndiyo, mama," Pasi alisema. Wote wakapiga makofi. Mkasi alipiga zaidi ya wote.

Siku sita baadaye, mchana, Mkasi aliingia stoo kutafuta uzi mweusi. Alimkuta Pasi ameketi sakafuni kati ya marobota, koti la maonyesho mapajani. Alikuwa anafumua mkono wa kulia kwa kiwembe. Kitambaa pale begani kilikuwa kimefumuliwa mara nyingi kiasi kwamba kilianza kuonyesha upande wa pili. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti, na mikono ilikuwa inaendelea na kazi, kana kwamba macho yalikuwa ya mtu mwingine.

"Shoga! Nini?"

"Mkono hauingii."

"Mbona umeingia vizuri? Hebu—"

"Hauingii," Pasi alisema. "Nimeutoa mara tisa."

Mkasi alichuchumaa. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi alimtazama rafiki yake usoni, si kazi yake. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Midomo ilikuwa imepasuka.

"Unalala kweli wewe?"

Pasi akacheka, kicheko kifupi kibaya. "Nalala saa nane. Si ndivyo ulivyoandika? Hujanisingizia. Nalala saa nane, naamka saa kumi, nakaa kwenye cherehani. Nikifumba macho naona kola."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa nini nilikupa daftari?" Pasi aliweka kiwembe chini. "Nilishindwa kuandika ukweli, nikaona haya kuandika uongo kwa mkono wangu. Wewe ulikuwa unaandika tu, bila kuuliza. Kila Ijumaa kabla ya kulitoa nilikuwa nalisoma. Yule msichana uliyemwandika, anayekula mpaka anashiba, anayekaa kumtazama paka..." Alimeza mate. "Nilikuwa namwonea wivu, Mkasi. Namwonea wivu mtu asiyekuwepo."

Mkasi alipiga hesabu kichwani. Alikuwa ameandika kurasa ishirini na nane za rafiki yake, na katika zote hakuwahi kumwuliza hali yake hata siku moja.

Jambo la kwanza alilofanya halikuwa la busara sana, lilikuwa la Mkasi. Alimnyang'anya koti, akalisukuma juu ya rafu asikoweza kufika mtu mfupi, akaficha na ngazi. Kisha akamvuta Pasi mkono mpaka nyuma ya jiko.

"Tunakwenda wapi?"

"Kumwona paka. Nimekuandika umemwona mara tano, nitakuwa mwongo mpaka lini?"

Paka hakuwepo. Paka huwa hawana msaada siku unapowahitaji. Lakini mpishi alikuwepo, na alipomwona Pasi aliacha mwiko hewani. "Huyu mtoto ana nini?" Akampakulia wali na maharage, akasimama mbele yake mikono kiunoni mpaka sahani ikabaki nusu. Pasi alirudi stoo, akaegemea robota, na katikati ya kusema "nipe koti langu" akasinzia. Mkasi akakaa mlangoni. Mkuu wa chuo alipopita, akamwambia ndani kuna nyigu. Mkuu alipotaka kumwita mlinzi, akasema ni nyigu mmoja tu lakini ana hasira, na ameshaanza kutulia.

Pasi alilala dakika arobaini. Mkasi alizihesabu, na kila dakika ilimwonyesha kwamba jambo hili halitatibiwa kwa nyigu.

Jioni hiyo alibeba madaftari kumi na mawili mpaka kwenye chumba cha Dada Pumua, akayapanga mezani.

"Dada, haya yote ni yangu."

"Yako vipi?"

"Nimeandika mimi. Kuimba, mmea, paka, maji. Yote."

Dada Pumua alifungua la kwanza, akafungua la pili, akaweka kurasa mbili sambamba. "Yote?"

"Isipokuwa kurasa za mwanzo za kila mtu, kama wiki ya kwanza ya Bondia. Ile aliandika mwenyewe. Ila alikuwa na maana ya saa nane usiku."

Kwa muda mrefu Dada Pumua hakupumua. Shingo ilimwiva. "Nimeandika taarifa," alisema mwishowe. "Nimesema mmetulia. Nilikuwa nawasimulia mpaka majirani."

"Tunaweza kusema kwamba—"

"Nyamaza, Mkasi." Hakuwahi kumwita hivyo kabla. Kisha macho yake yakaangukia daftari la Pasi, na sauti ikabadilika. "Huyu nimemsifia kwa mkuu. Huyu nimempelekea mzigo mimi. Yuko wapi sasa hivi?"

Walivuka barabara pamoja, Dada Pumua mbele, akitembea kwa kasi isiyofanana na ushauri wake. Mama mdogo aliwapokea kwa furaha. "Binti yangu ana bidii!" alisema. "Taa yake haizimwi. Nawaambia wenzangu kazini, huyu atatutoa." Akaendelea kusifu mpaka alipoona nyuso za wageni, ndipo akageuka kumtazama Pasi aliyekuwa kwenye kiti cha cherehani. Alimtazama sana. Akaketi.

Mkasi alitolewa nje, kwa hiyo sehemu hiyo alihadithiwa tu. Pasi aliongea mpaka maji ya chai yakakauka jikoni. Alisema anaogopa kwamba siku kazi yake itakapokuwa na kunyanzi, hakuna atakayemjua jina. Mama mdogo akasema, "Mimi nilikujua kabla hujashika sindano. Ulikuwa unakula sabuni." Pasi akacheka na kulia pamoja. Asubuhi Pasi, mama mdogo na Dada Pumua walikwenda kwa daktari, maana usingizi uliopotea muda mrefu hivyo haurudi kwa kuitwa tu. Mkuu wa chuo alichukua koti lake la maonyesho, akaomba radhi kwa kutouliza mara mbili, akaligawa kwa watu wanne.

Nyumbani ikawekwa sheria: saa kumi na mbili jioni cherehani kinafunikwa, simu inalala jikoni, na hakuna kushika kitambaa kabla ya kula. Mama mdogo hakuwa mtu wa kuamini sheria peke yake. Kila jioni alifungua sindano ya cherehani akaitia kwenye pochi, na siku moja aliisahau humo akaondoka nayo mpaka kazini, Pasi akapata mapumziko ya siku nzima bila kuomba.

Haikuwa rahisi. Wiki ya kwanza Pasi alilala chali akitazama dari. Wiki ya pili akapata masaa manne, halafu matatu, halafu matano. Kila Jumatano aliongea na Dada Pumua, na siku nyingine alitoka pale na macho mekundu na njaa.

Mkasi naye hakuachwa hivi hivi. Wenzake walipopata habari kwamba amekiri kwa niaba yao, walimnunia, hasa kwa kuwa zamu za kufagia zilirudi zikiwa na riba. Adhabu ya Dada Pumua ndiyo iliyomkata kweli. Kila Ijumaa, mpaka mtihani, aende kwa kila aliyemwandikia, amwulize maswali yale sita kwa mdomo, na aandike jibu analopewa, neno kwa neno, bila kuongeza chumvi.

"Na nisipojibiwa?"

"Utakaa hapo mpaka ujibiwe. Kimya."

Neno hilo la mwisho lilimuuma kuliko mengine. Lakini alikaa. Ijumaa ya kwanza Mama Mkwe alimkalisha saa nzima bila kumwambia kitu, akimtazama kama mwizi wa kuku. Wiki iliyofuata akasema, ghafla, kwamba baba yake ameacha kupokea simu zake tangu alipochagua ushonaji, na kwamba lile gugu la kwenye kopo bado anamwagilia na asiulizwe kwa nini. Mkasi akafungua mdomo, akaufunga, akaandika. Bondia alisema anakesha kwa sababu anaogopa mtihani, na usiku hutazama video za watu wanaokata magogo.

"Magogo?"

"Yanakatika vizuri."

Wakakubaliana kwamba awe anampa Mkasi simu saa tatu usiku. Siku ya kwanza alibisha hodi bwenini kwa wasichana mara nne kuulizia kama simu inaendelea vizuri. Siku ya tano hakubisha. Ila kuimba asubuhi hakuacha, na ilibidi waliokuwa karibu na bafu wajifunze kuamka mapema na kutoka kwenda kutembea.

Ikafika siku ya mtihani. Saa sita mchana Pasi aliinua mkono. Msimamizi akafikiri anaumwa. "Naomba kwenda kunywa maji na kusimama nje kidogo," Pasi alisema. Mkasi alisikia hilo kutoka meza ya tatu, na kwa mshangao akajichoma kidole. Pasi alikaa nje dakika kumi, akarudi, akashona mkono wa kulia mara moja, akauacha.

Majibu yalibandikwa baada ya wiki tatu. Wa kwanza alikuwa Mama Mkwe, ambaye alipiga ukelele, akamkumbatia mlinzi aliyekuwa amesimama karibu, kisha akamkaripia kwa kukumbatiwa. Bondia alifaulu, wakaguzi waliandika kwamba matundu ya vifungo vyake ni ya ajabu. Mkasi alifaulu kwa kuponea chupuchupu, na mbele ya jina lake palikuwa na maelezo: Pindo linatangatanga.

Pasi alikuwa wa tatu.

Watu wakapisha kidogo. Mkasi akasogea karibu naye, bega kwa bega, akiwa ameubana ulimi kwa meno. Pasi alisoma jina lake, akashuka akasoma majina yote mpaka chini, akarudi juu.

"Unajisikiaje?" Mkasi akauliza, kisha akanyamaza, akasubiri.

"Inauma," Pasi alisema. "Nilitaka kuwa wa kwanza." Akafuta jicho moja kwa kiganja. "Hilo pindo lako lilikuwa linakwenda wapi?"

"Lilitaka kutembea nusu saa."

Pasi akamsukuma, Mkasi akamgonga Bondia, Bondia akakanyaga mguu wa mkuu wa chuo, na ikabidi wote watatu waombe radhi kwa mpigo.